Kisima Alichoandaliwa Mgeni

Ukisikia mtu anamshukuru Mungu kwa sababu kisima kilikauka, usimwone mwendawazimu. Mtu huyo ni mimi, Priska, na kisima chenyewe kiko bondeni kwetu mpaka leo, kando ya njia ya kutoka Makambako kwenda Njombe. Kila ikifika Oktoba, upepo wa Makambako unapotupa vumbi mpaka ndani ya chungu cha mboga, mimi nawashukuru watu wawili. Mmoja ni mama mkwe wangu. Wa pili ni Mnyakyusa mmoja aliyekuwa mpima maji wa serikali. Yule wa kwanza nilimwona jeuri, huyu wa pili nikamwona adui, na wote wawili nilikosea.

Enzi zile zilikuwa za Mwingereza. Vita vya Hitla vilikuwa vimekwisha, na vijana wetu walikuwa wanazolewa na malori kupelekwa Tanga kukata mkonge. Mume wangu, Nahumu, alikuwa mmoja wao. Aliniachia watoto, mama yake, na kinyungu. Kama hujui kinyungu, ni bustani ya bondeni, matuta tunayolima wakati wa kiangazi kwenye udongo wenye unyevunyevu, mashamba ya mlimani yakiwa yamekauka hata panzi hana la kutafuna. Changu kilikuwa na njegere, maharage na mahindi ya kuchoma. Ghala likiisha, wanangu walikula kinyungu kile mpaka mvua irudi. Hakuna kinyungu, hakuna chakula. Ndiyo hivyo tu.

Maji ya bonde lile yalikuwa mafungu mawili. Kulikuwa na kisima chetu, kimezungushiwa mawe tangu enzi za mababu, tunachotea ya kunywa na ya kumwagilia miche. Halafu kulikuwa na kijito chembamba kinachotoka juu kidogo, tulichokigawa kwa mifereji kila mtu na tuta lake. Kiangazi kikikaza, kisima kilishuka mpaka ukichota unachota na tope, na kijito kikawa kama mkojo wa mtoto. Lakini tulijua kuvumiliana, leo wewe, kesho mimi, na njegere zikawa kijani.

Mama mkwe ndiye aliyekuwa mkubwa wa wanawake wa bonde. Jina lake la ubatizo Kristina, lakini watu walimwita Mama Nahumu. Mama yule, nyie! Alikuwa na shingo ndefu na maneno mafupi. Katika maisha yake hakuna mgeni aliyewahi kuondoka kwake na njaa, na hakuna aliyewahi kujua kama ndani mna kitu au hamna. Angeweza kukopa kuku kwa jirani, akamchinja, akampikia mgeni, kisha sisi wenyewe tukalala na togwa, na asubuhi akamsindikiza mgeni akimwomba radhi kwamba kuku alikuwa mdogo. "Mgeni haonyeshwi chungu kitupu," ndiyo ilikuwa sala yake ya pili baada ya Baba Yetu.

Siku moja baada ya ibada Jumbe Yoeli alisimama mbele ya kanisa akatangaza, "Wiki hii anakuja mgeni wa serikali kutazama kisima chetu. Bonde liwe safi." Basi. Anatazama kwa nini, hakusema. Jumbe Yoeli alikuwa mtu wa kujua nusu ya jambo, na nusu nyingine haiulizi, asije akaambiwa.

Mama mkwe alisikia neno moja tu katika tangazo lile: mgeni. Kabla hatujafika nyumbani alikwisha panga kila kitu. "Mgeni anakuja kutazama maji yetu," alisema, "nasi tumwonyeshe kisima chenye tope kama nguruwe wamelala humo? Mimi, hapana." Akatuamuru tushuke bondeni na majembe. Tulitoa matope ya ukingoni, tukasugua mawe, tukang'oa magugu. Mpaka hapo hakuna ubaya. Kisha akasema kisima kipumzike, mtu asichote hata kata moja, maji ya kunywa tukayafuate mtoni, mbali kule, huku migongo inalia. Na bado hakuridhika. Akatufungisha mifereji yote ya vinyungu, kijito chote kikageuzwa kuingia kisimani.

"Mama, na njegere?" nikauliza.

"Njegere hazifi kwa siku chache. Aibu ndiyo haifi."

Mfereji ule mpya tuliufunika kwa mabanzi na majani mabichi, ukafanana na ukingo wa kawaida. Msidhani tulikuwa tunadanganya. Haikuwamo hata kidogo katika fikra zetu. Mgeni hapelekwi jikoni kuona kuni zinavyofuka moshi, anawekewa chakula mezani. Ndivyo tulivyofanya na maji. Siku mgeni alipokuja, kisima kilikuwa kimejaa pomoni, kinameremeta, mpaka mimi mwenyewe nikaona fahari.

Mgeni alikuja na lori, juu yake injini ya pampu, mabomba, na pipa kubwa. Alikuwa kijana mrefu, kaptula imepigwa pasi, soksi zimefika magotini, jina lake Anyisile, kwao Tukuyu. Alitusalimia kwa Kibena chetu, cha kuchechemea, "Kamwene!" Tukaitikia tukicheka, tukampenda hapo hapo.

Kazi yake ilikuwa hivi. Alishusha kisimani kamba yenye mafundo na kipande kizito cha madini ya risasi mwishoni, akaona maji yamesimama wapi. Akawasha injini, ikanguruma mpaka kuku wa bonde zima wakakimbia. Bomba likaanza kutapika maji ndani ya pipa, naye amesimama na saa mkononi, anaangalia limechukua muda gani kujaa. Likijaa, wanalimwaga, linaanza tena. Kila baada ya muda alirudi kwenye kamba yake kuona kama maji yameshuka. Yatashukaje, na kijito kizima kinaingia kwa chini ya majani? Pipa lilijaa, likamwagwa, likajaa. Jua lilipinduka, kisima bado kimetulia kana kwamba hakijaguswa.

Anyisile alimwuliza jumbe, "Maji haya yote yanachipuka humu humu chini?"

"Ndiyo, bwana," alisema Jumbe Yoeli. Angesema nini? Mgeni wa serikali akiuliza kwa furaha, wewe unamjibu kwa furaha.

Chakula kiliandaliwa kwa mama mkwe. Kuku alikuwapo, wa kukopa kama kawaida, na ugali, na njegere. Mgeni alikula, akashiba, akashukuru kwa Kiswahili, na jumbe akatutafsiria sisi wanawake, ingawa mimi nilikuwa nimesoma kidogo misheni na Kiswahili nilikielewa. Alisema amepima visima vingi kati ya Makambako na Njombe, lakini kisima kama hiki hajakiona. Lo! Wanawake walipiga vigelegele mpaka mbwa wakabweka. Mama mkwe hakupiga. Aliinamisha kichwa tu, kama bibi harusi, lakini shingo yake ilirefuka.

Mimi nilikuwa nimeshika birika la kumnawisha. Nikamwuliza, kwa adabu, ingawa mkwe hatakiwi kusema na mgeni mbele ya mama mkwe wake, "Na maji hayo mengi, baba, serikali inataka yafanye kazi gani?"

"Yanayowazidi ninyi yatakwenda kwa bwana wa pareto," alijibu, tena kwa moyo mweupe. "Ameomba maji ya kumwagilia. Sheria inasema wenyeji wabaki na ya kuwatosha, kinachozidi apewe yeye. Nanyi mmejaliwa, yanazidi mno. Pampu yake itafungwa hapa kabla ya mvua."

Bwana wa pareto alikuwa Mzungu mwenye shamba ng'ambo ya kilima. Shamba lake lilikuwa refu kuliko macho. Jumbe akakohoa. Mimi maji ya birika nikayamwagia soksi za mgeni. Nikamtazama mama mkwe. Alikuwa amesikia neno "pareto" na neno "pampu", na hayo hayahitaji mkalimani. Aliangalia sahani. Kisha akasema kwa Kibena, sauti yake kama siku zote, "Mwongezee mgeni mboga."

Nikamwongezea. Mkono wangu ulikuwa unamwongezea, lakini moyo wangu ulikuwa unataka kumvika ile sahani kichwani.

Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi mgeni alikuja, na mwenyeji akaanza kuugua hapo hapo. Lori lilipoondoka kurudi Makambako nilimfuata mama mkwe jikoni, nikasema maneno ambayo mke wa mtu hamwambii mama wa mumewe. "Umempa mgeni chakula cha wajukuu zako! Umewafungia maji kwa mkono wako mwenyewe, ili usifiwe! Nahumu akirudi na kuniuliza watoto wamekula nini, nimwambie wamekula sifa zako?"

Jumbe Yoeli alikuwa mlangoni, akasema kwa upole, "Basi, mwanangu. Maji yakimwagika hayazoleki."

"Hayajamwagika!" nikamrukia. "Yamo kisimani! Ninyi ndio mliomwagika!"

Mama mkwe alikuwa anaosha sahani ya mgeni, anaiosha tena, na ilikuwa safi tangu mwanzo. Nilikwenda kwangu nikilia kwa hasira. Niliona mwanamke yule angeona heri tufe kuliko kuambiwa hana kitu.

Kulipopambazuka, baridi ya kukata masikio, nikasikia mlango unagongwa. Alikuwa yeye. Amevaa gauni lake la kanisani na kitambaa cheupe kichwani, mkononi fimbo. "Vaa," aliniambia. "Utanisemea." Hakuniambia twende wapi wala nimsemee nini, na mimi kiburi kilinizuia kuuliza. Tulitembea, yeye mbele, mimi nyuma kama desturi, upepo unatupiga usoni njia nzima. Tulipoanza kuona mabati ya maduka ya Makambako, ndipo nilipoelewa. Mama Nahumu alikuwa anamfuata mgeni.

Tulimkuta mbele ya duka la Mhindi. Lori lilikuwa linapakiwa kwenda bomani Njombe, injini ya pampu ikiwa imefungwa kamba juu, na watu wengi wakingojea nafasi. Anyisile alipotuona alifurahi. "Mama! Umeniletea njegere za njiani?"

Mama mkwe alipiga magoti kwenye vumbi, mbele ya watu wote wale. Nami nikapiga. Akaanza kusema kwa Kibena, akanigusa bega nitafsiri.

Nyie, mmewahi kulazimishwa kumvua nguo mkubwa wenu? Ndivyo nilivyojisikia. Kila nilichotaka kumfanyia jana yake kwa hasira, leo nilitakiwa kukifanya kwa kinywa changu, mbele ya makuli na matingo wa lori, na sikukitaka tena. Nikaanza kulainisha. "Mama anasema labda kisima jana kilikuwa kimejaa kidogo kuliko siku zote..."

Akanishika mkono. Kiswahili chake kilikuwa cha shida, lakini kilitosha kujua kwamba nampamba. "Sema nilivyosema," aliniambia.

Basi nikasema. "Mama anasema: kisima ulichopima si chetu. Chetu ni kidogo. Mimi niliwafungisha watu maji yao, nikageuza kijito, nikakificha chini ya majani, ili mgeni asituone maskini. Sisi ni maskini wa maji, bwana. Ukiwapa wengine maji yale, watoto wa mwanangu watakufa njaa, na mimi ndiye nitakuwa nimewaua kwa heshima zangu. Kosa si la jumbe, si la mkwe wangu. Ni langu mimi peke yangu, Kristina."

Tingo mmoja alicheka, mwenziwe akampiga kikumbo.

Anyisile uso wake ulibadilika, na sitamlaumu. Alikuwa amekwisha peleka habari mbele kwamba maji yamepatikana. Mkubwa wake, Mzungu wa maji, alikuwa anamngojea Njombe, na bwana wa pareto alikuwa mtu wa kula meza moja na mkubwa huyo. Kurudi nyuma kulikuwa kusema mbele yao wote kwamba yeye, na kamba yake na saa yake, amechezewa na bibi kizee mmoja wa Kibena. Alisimama pale, mikono kiunoni, anatazama barabara ya Njombe. Dereva akapiga honi.

Kisha akachuchumaa, akamshika mama mkwe mikono yote miwili, akamwinua. "Mwambie," akaniambia mimi, "mama yangu mimi, kule Tukuyu, angefanya vile vile. Angekigeuza hata kijito cha jirani." Akageuka kwa dereva. "Shusha mashine bondeni kwao."

"Nini?"

"Nimesema shusha mashine! Njombe itaningoja."

Mimi nililia. Nililia pale pale barabarani bila aibu, kwa maana jana yake nilitaka kumvika sahani mtu huyu, na leo anaweka kazi yake rehani kwa ajili ya njegere zangu.

Aliporudi bondeni alitoa amri moja tu. "Fungueni mifereji. Choteni kama mnavyochota kila siku. Mwagilieni kama mnavyomwagilia. Nataka kupima mnavyoishi, sitaki kupima mnavyokaribisha." Akakaa kwetu siku kadhaa akingoja maji yarudie hali yake. Kijito kikaingia tena kwenye matuta, na njegere zilizokuwa zimeanza kusinyaa zikanyanyua vichwa.

Siku ya kupima, bonde lilijaa watu. Kamba ya mafundo ikashuka, ikashuka sana. Injini ikanguruma. Pipa la kwanza likajaa, la pili likajaa kwa uvivu. Pipa la tatu, bomba likaanza kutoa maji ya rangi ya chai, yakakatika, yakaja kidogo, kisha pampu ikakohoa kama mzee wa kikohozi na kunyonya hewa tupu. Anyisile akaizima.

Tukachungulia kisimani. Tangu niolewe sikuwahi kuona sakafu yake. Mlikuwa na tope, na kata zilizozama miaka na miaka, na vigae vya mitungi ya akina bibi. Na kila mtu, mmoja mmoja, akaanza kutazama pembeni. Hakuna aliyetaka kumtazama Mama Nahumu. Kisima cha bonde lake kiko uchi, na mgeni amesimama juu yake.

Yeye akasogea mpaka ukingoni. Akatazama ndani kwa muda. Kisha akainua ile shingo yake ndefu, akapiga kigelegele. Peke yake! Mwanamke ambaye siku ya kusifiwa hakufungua kinywa. Kigelegele kilipanda kilimani kikarudi, naye machozi yanamtiririka. Mimi nikakidaka, wenzangu wakakidaka, mpaka bonde zima likalia.

Alipomaliza alimgeukia Anyisile, akamwambia mwenyewe, kwa Kiswahili chake cha shida, bila kunigusa bega:

"Karibu, baba. Kwetu maji hakuna."

Anyisile akavua kofia. "Asante, mama," alisema. "Nimeyaona."

Pampu ya bwana wa pareto haikufungwa kwetu, si mwaka ule wala mwingine. Nilisikia baadaye kwamba Anyisile alikaripiwa vikali huko Njombe, na kwamba alisimama palepale aliposimama: amepima mara mbili, na kipimo cha kweli ni cha pili. Hakurudi tena upande wetu. Namwombea kila ninapochota.

Lakini siku ile hakuondoka na njaa, mnamjua Mama Nahumu. Safari hii hakukopa kuku. Aliweka ugali na njegere, njegere za kinyungu changu, basi. Nilipoingia na birika nilipiga magoti mbele yake kwanza, kabla ya mgeni, nikamwambia, "Mama, asante. Na yale maneno ya jikoni, unisamehe."

Hakunitazama. Alikuwa anatazama sahani ya Anyisile, kama imepungua.

"Mwongezee mgeni mboga," alisema.

Nikamwongezea mpaka zikamwagika.